Barua kwa mhariri: Historia ya Iringa nimeikuta imefungia karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ni ndefu lakini hili jambo nimekaa nalo wiki tatu sasa, nikilala linanirudia, nikaona bora niandike.

Jumamosi moja nilikuwa natoka sokoni narudi Kihesa, baridi ya Iringa mnaijua, nikamsimamisha kijana anayetembeza karanga za kukaanga nikachukua za mia tano. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 karanga wanafungia kwenye karatasi, mara nyingi ni daftari la mtoto wa shule au gazeti, huwa siangalii. Siku hiyo nilipomaliza kula nikaikunjua ile karatasi niitupe vizuri, nikaona ni ukurasa wa kitabu cha historia. Mafuta yameloa katikati, chumvi imebaki kwenye mikunjo, ila maandishi yanasomeka: Lugalo, Agosti 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa wamewavizia Wajerumani porini na kamanda wao Zelewski ameuawa. Mstari wa mwisho umeishia katikati ya neno maana karatasi ilichanwa hapo.

Mhariri nilisimama pale barabarani kama mtu aliyeitwa jina lake. Lugalo yenyewe iko hapo tu ukishika njia ya Morogoro, mabasi yanapita kila siku, na mimi nimekula karanga juu yake. Nikarudi mbio kumtafuta yule kijana nikamkuta bado yuko palepale kwenye bodaboda, nikamuuliza hiki kitabu kilichobaki kiko wapi, akasema kipi mwalimu, akainua sinia akanionyesha. Kilikuwa kimebaki nusu. Ganda hakina, jina la kitabu halijulikani, kinaanzia ukurasa wa 61. Karatasi huwa ananunua kwa kilo, kuna watu wanapita majumbani wanakusanya, mzee akifariki au familia ikihama vitabu vinaondoka na vyuma chakavu na chupa. Simlaumu hata kidogo, yule anatafuta riziki na karatasi kalipia. Nikampa 1,500 na kesho yake nikampelekea furushi la mitihani yangu ya zamani ya hesabu afungie hiyo, na ile nusu ya kitabu nikaja nayo nyumbani.

Sasa wasomaji watajiuliza huyu ni nani. Mimi ni Mhindi, ila sio wa zile familia za Uhindini ambazo babu zao walifungua maduka hapa zamani, mimi nilikuja mwenyewe mwaka 1998 kufundisha hesabu, nikiwa na mabegi mawili, na sijaondoka. Nimefundisha watoto na sasa nafundisha watoto wa wale watoto. Natoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, wilaya inaitwa Wayanad, ni milima na chai na mvua, ukimchukua mtu wa Mufindi usiku ukamlaza kule akiamka asubuhi akaona ule ukungu juu ya mashamba ya chai atajua yuko kwao. Ndo maana nilipofika huku juu mara ya kwanza, mama mmoja akanisalimia kamwene, mi sijui hata maana yake, nikajisikia nimefika.

Na Kiswahili hakikunisumbua sana. Kwenye Kihindi tulichofundishwa shuleni kitabu ni kitaab, kalamu ni kalam, dunia ni duniya, habari ni khabar, duka ni dukaan. Mengi ya hayo ni maneno ya Kiarabu yaliyoshukia pande zote mbili za bahari. Lakini neno kuchapa, kuchapa kitabu au kuchapa gazeti kama hili lako, hilo limetoka kwetu, kule tunasema chhapna. Nilipoligundua nilifurahi siku nzima.

Baba yangu alikuwa karani wa kiwanda cha chai, mama alikuwa mchumaji. Pale kambini palikuwa na chumba kimoja tunaita vayanasala, yani chumba cha kusomea. Msifikirie jengo. Ni chumba kimoja chenye meza ndefu ya mbao, benchi mbili, na kabati lenye waya wa kuku mbele badala ya kioo. Vitabu labda mia mbili hivi, vingine kurasa zimebanduka vikashonwa na uzi wa gunia. Kulikuwa na daftari kubwa unaandika jina lako na jina la kitabu na tarehe ya kurudisha, na nakumbuka kabisa harufu ya lile kabati ukilifungua wakati wa mvua, karatasi iliyoshika unyevu na dawa ya nondo. Mi nilikuwa naifuata ile harufu kama watoto wengine wanavyofuata harufu ya maandazi.

Ila kilichokuwa kikubwa pale hakikuwa vitabu. Kila jioni saa kumi na mbili fundi cherehani mmoja alikuwa anakuja, anakaa kwenye kona ya meza, anafungua gazeti na kulisoma kwa sauti tangu juu mpaka chini, na wachumaji waliorudi shamba wanakaa pale na vikapu vyao wanasikiliza. Wengi hawakujua kusoma, mama yangu mmojawapo. Bei ya chai, uchaguzi, vita, nani kafa, mvua zitaanza lini. Akifika kwenye habari ngumu anasimama watu wanabishana kwanza, akimaliza anakunja gazeti anaenda zake. Hakuna aliyekuwa anamlipa.

Hivyo vyumba havikuota tu kama uyoga. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule anaitwa P. N. Panicker, mwaka 1945 alianza na maktaba ndogo 47 akaziunganisha kuwa chama kimoja, akazunguka kijiji hadi kijiji anawaambia watu wao wenyewe watoe chumba na walete vitabu, kauli mbiu yake ilikuwa soma ukue. Baadae zikawa maelfu. Na ndo juu ya msingi huo ilipokuja ile kampeni kubwa ya kufuta ujinga mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana wa miaka ishirini nami nikajitolea kufundisha watu wazima, mama akakataa katakata kufundishwa na mwanae akaenda darasa la jirani. Tarehe 18 Aprili 1991 Kerala ikatangazwa kuwa watu wake wanajua kusoma, na aliyepewa kutangaza hakuwa waziri, alikuwa mama mmoja anaitwa Chelakkodan Ayesha ambaye mwenyewe alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Mama yangu alimsikiliza kwenye redio akalia.

Panicker alifariki tarehe 19 Juni 1995, na kuanzia mwaka uliofuata siku hiyo Kerala yote inaadhimisha Siku ya Kusoma. Shikeni hiyo tarehe, nitairudia.

Mjini kwetu Mananthavady kuna kaburi juu ya kilima, la mfalme Pazhassi Raja. Huyu alipigana na Waingereza miaka mingi kwenye misitu ya Wayanad, na wapiga mishale wa kabila la Kurichya walikuwa upande wake, Waingereza wakashindwa kumkamata mpaka wakapata watu wa kumsaliti, akafa tarehe 30 Novemba 1805. Bibi yangu alikuwa anasema alimeza pete ya almasi ili asikamatwe hai, mwalimu wangu shuleni akasema hapana alipigwa risasi, na mi nikarudi nyumbani kumwambia bibi amekosea, bibi akanijibu mwalimu wako alikuwepo? Mpaka leo kule kwetu wanabishana.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia mwaka wangu wa kwanza hapa Iringa nilipopelekwa Kalenga, kilomita kama 15 tu toka mjini, nikasimuliwa habari za Mkwawa. Ngome yake ilivyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, alivyowasumbua porini karibu miaka minne, na alivyojipiga risasi pale Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 wakati wamemkaribia. Nilisikiliza nikasema huyu namjua. Tofauti ni baada ya kufa. Pazhassi alipokufa yule ofisa wa Kiingereza aliyekuwa anamsaka, Baber, alitoa machela yake mwenyewe ubebewe mwili, akazikwa kwa heshima za mila yake. Mkwawa alikatwa kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Kuna kitu huwa nawasomea wanafunzi wangu ingawa mi ni mwalimu wa hesabu na wenzangu wa historia wamenizoea. Ni kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, ule wa 1919 uliomaliza vita kuu ya kwanza. Kifungu kimoja kifupi, kina mambo mawili. La kwanza, Ujerumani irudishe ndani ya miezi sita Msahafu wa Khalifa Othman uliochukuliwa Madina. La pili, ndani ya muda huohuo ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa. Kitabu na fuvu, Mhariri! Wakubwa wa dunia walikaa Ufaransa kugawana mabara na wakaona vitu hivyo viwili ni vya kuandikwa kwenye mkataba. Miezi sita ikapita, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954, gavana wa Kiingereza Twining alilitoa kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Toka 1898 mpaka 1954 ni miaka 56, wanafunzi huwa wanapiga hesabu wenyewe darasani, na wengine wananiuliza mwalimu una uhakika ni lenyewe kweli, maana lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi kwa kupima vipimo na kutafuta tundu la risasi, na nawaambia ni swali zuri, waende Kalenga wakaulize.

Na tarehe lililokabidhiwa ni 19 Juni. Siku ileile ya kusoma ya kwetu. Najua ni sadfa tu, ila mi nimeishi nchi mbili na hiyo siku kwangu ni moja.

Sasa nirudi kwa ile nusu ya kitabu. Jirani yangu hapa Kihesa ni bibi mmoja ana zaidi ya miaka themanini, mzaliwa wa kule upande wa Kalenga, miaka yote hii tunasalimiana tunapeana mboga na nilikuwa simjui. Jioni ile nilikuwa barazani najaribu kunyoosha ule ukurasa kwa chupa ya maji ya moto akaniuliza unafanya nini mwalimu, nikamsomea. Akakaa. Alafu akasema siku fuvu linarudi mi nilikuwepo. Nilidhani sijasikia vizuri. Alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, anasema alichokuwa anakiona ni miguu ya watu tu, miguu na vumbi, mpaka baba yake akambeba mabegani ndo akaona kofia ya gavana ina manyoya, na wazee wa kiume wanalia, na yeye alikuwa hajawahi kuona baba analia kwa hiyo akaogopa akalia pia. Nikamuuliza Bibi, umeshamsimulia nani haya. Akasema nani aliuliza?

Hilo jibu ndo limenifanya niandike. Ana wajukuu kumi na mmoja, wengine nimewafundisha mimi, wote wamejibu maswali ya Mkwawa kwenye mtihani na wamepata.

Nikajikuta namweleza habari za vayanasala, fundi cherehani na kabati la waya wa kuku, nikamwambia Bibi mngekuwa na kitu kama kile hapa. Nilikuwa naongea kama mtu aliyeleta jambo jipya. Akaniangalia akasema sisi tulikuwa nacho. Enzi za elimu ya watu wazima, miaka ya sabini, kijijini kwao kulikuwa na maktaba ya kijiji, kabati la mbao lenye kufuli, na watu walikuwa wanakusanyika kwenye redio kwa ile kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 na kitabu chake mkononi, yeye ndo alijifunzia kusoma hapo akiwa na watoto wanne. Na aliyekuwa anatunza funguo alikuwa anasomea watu kwa sauti jioni. Nikamuuliza kabati lilienda wapi, akasema vitabu viliisha kimoja kimoja, kabati nasikia mtu anawekea pumba za kuku.

Kwa hiyo sileti kitu cha ugenini, naomba mlichokuwa nacho. Maktaba ya mkoa ipo na makumbusho ya Boma yapo na nawashukuru, lakini bibi wa miaka themanini hapandi daladala kwenda kukaa maktaba, na mtoto wa Mtwivila au Nduli au kule Ilula mama yake hampi nauli akasome gazeti. Kinachotakiwa kiwe pale mtu anapoishi. Ofisi nyingi za serikali za mitaa zina chumba kinachofunguliwa siku ya mkutano tu, hicho kinatosha. Benchi mbili na kabati, na mtu mmoja mwenye sauti nzuri saa kumi na mbili jioni. Wenyeviti wa mitaa wanaosoma barua hii nawaomba walizungumze kwenye vikao vyao, gharama yake haifiki hata ya turubai la msiba. Na familia zenye vitabu vya marehemu wazee wao nawaomba wasubiri kidogo kabla ya kumwita mtu wa mizani, kilo moja ya karatasi haikupi hata hela ya maana.

Kuna kingine nilisita kukiandika. Tarehe 30 Julai 2024 usiku, mlima uliporomoka kwetu Wayanad, maeneo ya Mundakkai na Chooralmala, zaidi ya watu 200 walikufa, wengi ni watu wa mashamba ya chai wamelala kwenye kambi zao. Shangazi yangu alishafariki zamani lakini nyumba yake ilikuwa kule, ndo nilikuwa nalala likizo zote za utotoni, naijua mpaka ngazi ipi inalia ukikanyaga. Nilitafuta kwenye simu picha za kutoka juu nikaona ni mto wa mawe tu. Hakuna nyumba, barabara haipo, hata kilima nilichokuwa nakifahamu sikukiona. Nikawapigia ndugu, tukaanza kukumbushana nani alikaa nyumba ipi, na tulishindwa, kila mmoja anakumbuka tofauti na wale waliokuwa wanajua wameondoka na maji. Nilinunua daftari la kurasa 200 palepale mjini Iringa nikaanza kuandika kila ninachokumbuka, majina, miti, ile harufu ya kabati. Nimefika ukurasa wa 34. Naandika kwa Kimalayalam na nikikwama neno linakuja la Kiswahili nikaliacha hivyohivyo.

Ndo maana nawaambia vijana wa hapa, hasa waliowahi kupita darasani kwangu, mna simu zinazorekodi, Jumapili moja kaeni na bibi au babu muulizeni mwaka gani walihamia hapo walipo na kwa nini, muulizeni habari za ujenzi wa reli ya TAZARA au za mashamba ya tumbaku ya Wagiriki, wengine walifanya kazi huko. Msisubiri msiba ndo mtafute wasifu wa marehemu saa nne usiku kwa kuulizana kama tulivyofanya sisi.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Magazeti yanayobaki bila kuuzwa, yale ya jana na juzi, mtafutie utaratibu wakala wako wa hapa Iringa badala ya kuyauza kwa kilo awe anatupatia hata kumi kwa wiki. Kabati nimeshachongesha kwa fundi wa Mlandege, lina waya wa kuku mbele, nilisisitiza. Vitabu ninavyo arobaini na tatu. Chumba tunaongea na mwenyekiti, kwa sasa tunakaa barazani kwangu, na Jumamosi iliyopita walikuja watu tisa.

Aliyesoma ni mjukuu wa Bibi, yuko darasa la tano, sauti kubwa haogopi mtu. Tukampa ule ukurasa wenye mafuta. Alienda vizuri mpaka kwenye jina Zelewski, akakwama, akajaribu mara mbili, watoto wenzake wakaanza kucheka. Bibi akamwambia soma Nyundo. Mtoto akasema haijaandikwa Nyundo Bibi. Bibi akasema huyo Mjerumani ndo Nyundo, wazee walikuwa wanamwita hivyo, hilo jina lako hapo hakuna Mhehe aliyekuwa analijua. Nikachukua peni nikaandika Nyundo pembeni, karibu na doa la mafuta, na tarehe, na jina la Bibi aliyesema.

Kitabu chetu kinaanzia ukurasa wa 61. Kama kuna msomaji alinunua karanga Kihesa mwezi huu na bado ana zile karatasi, tafadhali azilete hata kama zina mafuta.

Mwalimu wa hesabu,
Kihesa, Iringa